Kifua kisichoisha: mwangalieni mtoto akila

Wadogo zangu mnaoanza kazi wodi za watoto huku Mbeya, Juni na Julai mtaona vifua mpaka mchoke. Baridi ya huku haina utani, na wengi kweli ni nimonia. Ila yupo atakayerudi dozi imeisha, bado anakoroma akivuta pumzi, na dawa ya pumu haijamsaidia kitu. Huyo msiishie kumpima kifua. Muulizeni mama: anakulaje?

Mara nyingi mama atawaambia maziwa yalikuwa yanapita vizuri, shida imekuja alipoanzishiwa chakula kwenye miezi 6. Uji mwepesi unashuka. Kipande cha ndizi au kiazi kinakwama, mtoto anapaliwa, anakitapika kilekile. Mwombeni amlishe mbele yenu, nanyi mkae mtazame. Wapo wanaoinua kidevu na kulaza kichwa nyuma, maana hapo pumzi inapita kwa nafuu.

Kwa mtoto wa namna hii, kinachobana umio (njia ya chakula) na koo la hewa huenda ni mshipa wa damu. Aota, mshipa mkuu utokao moyoni, ikiumbika na matao mawili, inazunguka umio na koo la hewa kama pete. Au ateri iendayo mkono wa kulia imechipuka pasipo pake, ikapita nyuma ya umio. Hii ya pili daktari Mwingereza David Bayford aliieleza tangu karne ya 18, na wengi walio nayo huzeeka bila kujua, kwa hiyo kuiona kwenye picha tu si sababu ya kumpasua mtu. Pete inayobana ni habari nyingine: hiyo hukatwa, na daktari mpasuaji Robert Gross alifanya hivyo Boston, Marekani, mwaka 1945.

Kabla hajafika kwenu, huenda ameshakatwa kimeo. Ulizeni kwa upole, kwa sababu bibi aliyempeleka ndiye mara nyingi anayeamua kama mtoto atarudi hospitali. Mkikaripia mmempoteza.

Anza na eksirei ya kumeza bariamu (dawa nyeupe inayoonyesha njia ya chakula): umio ukionekana umebonyezwa kwa nyuma, CT ya mishipa (picha za kompyuta za mishipa ya damu) itasema ni mshipa upi. Mpira wa kulishia unaopitishwa puani usiachwe siku nyingi; ukisuguana na ateri iliyo nyuma unaweza kutoboa, na damu hiyo haizuiliki kirahisi.

Kwenye barua ya rufaa ya kwenda kwa bingwa wa moyo, Dar au kwingine, “nimonia ya kujirudia” haitoshi. Andika kinachokwama, kinachopita, tangu umri gani, na kichwa anakiwekaje akila.