Mguu umevimba, maumivu yamezidi kidonda

Dada, umeuliza kama mguu wa mama, uliovimba tangu achomwe na mwiba, ni jipu la kukandwa kwa maji ya moto. Kilichonishtua ni pale ulipoandika kwamba analia kwa maumivu ilhali ngozi ni nyekundu kidogo tu. Maumivu makubwa kuliko kinachoonekana ni dalili ya hatari.

Kuna maambukizi yanayokaa chini, kwenye utando unaofunika misuli. Bakteria, mara nyingi streptokoka au mchanganyiko wa aina kadhaa, hutambaa kwenye utando huo na damu huacha kupita katika mishipa midogo. Nyama inakufa huku ngozi ya juu ingali nzima. Ikigeuka zambarau, ikatoa malengelenge, au ukiigusa ikachakarika kama ina hewa ndani, mambo yameshakwenda mbali. Na maumivu yakigeuka ganzi ghafla, msishangilie, neva zimekufa.

Inaweza kuwa uvimbe wa kawaida wa ngozi, sawa, lakini na hiyo sukari yake mimi nisingebahatisha. Msimkande, msimkamue. Mpelekeni usiku huu huu hospitali yenye chumba cha upasuaji. Vidonge peke yake havitoshi, maana dawa husafiri na damu, na damu haifiki kwenye nyama iliyokufa. Lazima ikatwe, pamoja na antibiotiki za mshipa. Kabla hamjatoka, chora kwa kalamu mpaka wa wekundu na uandike saa. Daktari ataona jinsi wekundu unavyokimbia.