Maswali na Majibu: Miradi ya Vitendo katika Kozi za Juu za Uundaji wa Programu

Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu wameshasoma Java na hifadhidata. Je, mradi wao uanze na ukurasa mtupu, au niwape mfumo uliopo? (Mhadhiri, Dodoma)

Wape mfumo uliopo. Anayeanza na ukurasa mtupu hujichagulia matatizo anayoyamudu, ilhali kazini atakutana na msimbo wa watu asiowajua, ambao baadhi yao wameshaondoka. Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe, hufundisha kwa njia hiyo: wanafunzi wa kozi ya juu, wakiwa katika vikundi, hutengeneza programu ndogo zinazofanya kazi ndani ya DHIS2, mfumo huria wa taarifa za afya uliotokana na mradi ulioanza Afrika Kusini mwaka 1994, ambao Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2011 na ambao hapa Tanzania pia unatumika. Mwanafunzi hawezi kuipanga upya hifadhidata ili kazi yake iwe nyepesi. Hulazimika kusoma nyaraka, kuomba data kwa utaratibu ambao mfumo umeuweka, na kumfikiria mhudumu wa zahanati atakayebonyeza vitufe hivyo akiwa na foleni ya wagonjwa mlangoni. Mfumo wa maktaba uliobuniwa kwa ajili ya zoezi tu hauna foleni hiyo.

Katika kundi letu la watu watano, wawili tu ndio wanaofanya kazi, lakini alama tunapata sawa. Mwalimu afanyeje? (Mwanachuo, Nairobi)

Git, programu inayotunza kumbukumbu za mabadiliko ya msimbo, huonyesha nani alibadilisha nini na lini, kwa hiyo mwalimu asikubali kukabidhiwa faili moja siku ya mwisho. Hata hivyo, asihesabu mistari: aliyefuta mistari mia na mfumo ukaendelea kufanya kazi huenda amewazidi walioongeza elfu. Mimi ningemtaka kila mmoja aeleze kwa mdomo sehemu iliyoandikwa na mwenzake; akishindwa, ni dalili kwamba kundi halikuwa likikaguana. Nanyi wawili mjiulize pia, kwa sababu wenye uwezo mara nyingi huwapokonya wenzao kazi kwa kukosa subira.

Intaneti ya chuo chetu hukatika kila mara. Tutawezaje?

Git, ambayo Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliiandika mwaka 2005, huweka historia nzima katika kila nakala, hivyo mwanafunzi anaweza kufungua tawi (mkondo wa pembeni wa kazi), kuhifadhi mabadiliko na kulinganisha matoleo bila intaneti. Kuunganisha kazi za kundi kunahitaji seva moja tu kwenye mtandao wa ndani wa idara. Maktaba za msimbo, yaani msimbo ulioandikwa na wengine ambao programu yako huutegemea, ndizo husumbua. Zipakueni kabla ya muhula kuanza.

Nitumie lugha gani ya programu?

Ile iliyotumika kuandika mfumo uliouchagua.

Muhula unakwisha na mradi haujakamilika. Niongeze watu kundini?

Usiongeze. Fred Brooks, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alishaeleza mwaka 1975 kwamba kuongeza watu katika mradi uliochelewa huuchelewesha zaidi, kwa kuwa wageni lazima wafundishwe na walewale waliokwisha kuelemewa. Punguza kazi, kisha darasa la mwakani lirithi kilichobaki. Alama za mwisho zitolewe baada ya mtu asiye wa kundi hilo kuusimika mfumo kwenye kompyuta yake kwa kufuata maelekezo ya maandishi ya kundi tu. Akilazimika kuwapigia simu wanakundi, alama zipungue.