Santuri Itabaki, Kanda Inatukimbia

Mhariri, swali lenu la wiki hii limetutaka wasomaji tuseme ni ipi kati ya santuri, kanda na CD itakayodumu, na kama vitu hivi vina mustakabali wowote katika zama hizi ambazo wimbo husikilizwa kwenye simu. Mimi ni fundi wa redio hapa Tanga, kazi niliyoianza mwaka 1984, na mengi ya nitakayoyasema nimeyaona kwenye meza yangu ya kazi. Uhai wa chombo cha muziki huupima kwa swali moja: siku ambayo viwanda vilivyotengeneza mashine yake vimefungwa vyote, je, fundi wa kawaida ataweza kuitoa sauti iliyomo?

Kwa kipimo hicho santuri inatangulia, tena kwa mbali. Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zao kwa lebo ya His Master's Voice. Santuri za wakati ule zilitengenezwa kwa shelaki, ambayo ni utomvu wa mdudu mdogo anayepatikana India, ukachanganywa na unga wa mawe. Zilizunguka mara 78 kwa dakika, na kila upande ulibeba takriban dakika tatu tu za muziki. Ni sahani nzito, na ikiponyoka mkononi huvunjika kama kigae. Lakini ile iliyonusurika bado inaimba baada ya karibu miaka 100, kwa sababu sauti yake imechongwa kwenye mfuo unaoweza kuonekana kwa macho, na sindano inapopita humo hutikisika kwa kufuata mawimbi yaleyale ya sauti ya mwimbaji. Gramafoni haikuhitaji hata umeme. Springi ya kukaza kwa mkono, sindano ya chuma, kiwambo chembamba na pembe ya kukuzia sauti vilitosha. Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja kutoka Pangani aliniletea gramafoni ya marehemu baba yake ikiwa na springi iliyokatika, pamoja na santuri tatu zilizofungwa kwa kanga. Nilipomaliza kuitengeneza tuliisikiliza taarabu ya zamani ikitoka katikati ya mikwaruzo, neno kwa neno, na mzee yule akaomba irudiwe mara nne.

Santuri za plastiki zilizofuata, yaani LP za mwaka 1948 na zile ndogo za mizunguko 45 za mwaka 1949, hazivunjiki kwa urahisi, ila joto la pwani huzipinda. Anayezihifadhi azisimamishe wima kama vitabu, asizirundike wala asiziache ndani ya gari.

Kuna sifa nyingine ya santuri ambayo naona haitajwi vya kutosha. Huzeeka ikikuarifu. Mikwaruzo huongezeka mwaka hadi mwaka, nawe unapata muda wa kuinakili kabla haijazidiwa. CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982 kwa kazi ya pamoja ya Philips na Sony, haina tabia hiyo. Inaweza kucheza vizuri leo na kesho mashine ikakataa hata kuitambua. Wateja wangu wengi hulinda upande unaong'aa na kuandika kwa kalamu ya wino upande wa juu, kumbe tabaka la alumini linalobeba muziki liko juu, chini kidogo tu ya jina la msanii, na linakingwa na vanishi nyembamba sana. Mkwaruzo wa upande wa chini mara nyingi unaweza kusuguliwa ukatoka. Wa juu ukifika kwenye alumini, muziki wa sehemu hiyo umekwenda na haurudi. CD za kuchoma nyumbani ni dhaifu zaidi, kwa kuwa hubeba muziki kwenye rangi inayofifia kwa joto na mwanga. Hata hivyo, CD ya kiwandani iliyotunzwa kivulini ni chombo kizuri na cha bei nafuu, na wanaozitupa leo wanafanya haraka.

Kinachoniumiza ni kanda. Kaseti ya Philips ya mwaka 1963 ilifanya jambo ambalo santuri haikuweza kamwe: ilimpa mtu wa kawaida uwezo wa kurekodi. Ndiyo maana ndani ya makabati ya pwani yetu kuna kanda za harusi, za mawaidha, za ngoma za mitaani, na zile ambazo familia zilizogawanyika kati ya Unguja na Muscat zilitumiana badala ya barua, zikianza na salamu za nusu saa na kumalizia na wimbo mmoja au nyimbo mbili za taarabu. Santuri ya kiwandani ilichapwa kwa mamia au maelfu, na ikipotea hapa huenda nyingine ikapatikana kwingine. Kanda ya harusi ya shangazi yako ni moja tu duniani.

Na kanda hiyo inakufa kwa njia nyingi kwa wakati mmoja. Muziki wake ni unga wa oksidi ya chuma ulioshikizwa kwa gundi kwenye utepe mwembamba, na unyevu wetu huilainisha gundi na kuotesha ukungu mweupe. Kile kipande cha sponji kinachousukuma utepe kwenye hedi, yaani sehemu ya mashine inayousoma utepe, hubanduka. Kanda ya C-120, ambayo watu waliipenda kwa kuwa inachukua saa mbili, ina utepe mwembamba karibu nusu ya ule wa C-60, nayo ndiyo inayoongoza kwa kumezwa na mashine. Mashine zenyewe zinakwisha: belti za mpira huyeyuka zikawa kama lami, na hedi nzuri sasa naipata kwa kuchinja redio nyingine. Hali hiyohiyo inazikabili kanda kubwa za rili ambazo Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodia bendi zetu kwa miaka mingi. Mwaka 2019 UNESCO pamoja na IASA, chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, walitoa tahadhari kwamba kufikia 2025 huenda ikawa vigumu mno kunakili kanda za sumaku zilizobaki duniani. Mwaka huo umeshafika.

Kuhusu mustakabali, naona santuri imepata uhai wa pili. Nchini Marekani mwaka 2022 ziliuzwa LP milioni 41 dhidi ya CD milioni 33, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1987. Lakini uhai huo una mzizi mfupi, kwani moto ulioteketeza kiwanda cha Apollo Masters huko California mwezi Februari 2020 uliacha kiwanda kimoja tu, kilichoko Japani, kinachotengeneza sahani za laka zinazochongwa kabla ya kuchapa santuri. Kwetu mtambo wa Nairobi, uliochapa santuri za wanamuziki wa Kenya na wa Tanzania, ulinyamaza zamani.

Kwa hiyo ninawaomba wasomaji wenye kanda wasisubiri. Usiitumbukize kanda ya miaka 40 kwenye mashine na kubonyeza moja kwa moja. Itazame kwanza kama ina ukungu, izungushe taratibu kwa kalamu hadi mwisho na kurudi, safisha hedi kwa pamba na spiriti, kisha irekodi yote kwa mkupuo mmoja bila kuikatisha, salamu zikiwemo, na umpe nakala ndugu anayeishi mji mwingine. Mimi nimebakiwa na mashine mbili nzima na belti kumi na moja.