Usimwage msingi huo Jumamosi

Msimamishe fundi kwanza. Umeeleza kwamba kiwanja chako kiko mtaa wa Langoni hapa Lamu, majirani pande mbili wameshapanda ghorofa, na unauliza ujenge nyumba ya chini au upandishe ghorofa, paa liwe makuti au mabati, madirisha yatazame wapi. Halafu mwisho kabisa, kama jambo dogo, ukataja kwamba Jumamosi fundi anamwaga msingi "wa kawaida, ghorofa tutaiona baadaye". Maneno hayo hayo niliambiwa mimi.

Mimi nilijengewa ya chini hapa hapa Lamu. Fundi aliapa kwamba ukuta wa mawe ya inchi tisa unabeba chochote, nguzo ni za majumba ya Mombasa. Akamwaga mkanda mwembamba wa zege, akapandisha mawe, akaezeka mabati, akachukua pesa yake. Tulikaa raha mpaka jirani wa upande wa kusi alipopanda, kisha wa pili akamfuata. Upepo ukakatika. Usiku wa mwezi wa pili ndani hakulaliki. Na ua, ambao ndio sebule ya wanawake nyumbani kwetu, ukawa chini ya madirisha ya watu: mke wangu haanui nguo bila kujitanda. Basi nikaamua kupandisha.

Injinia alifukua pembeni mwa ukuta, akautazama msingi, akanipigia hesabu. Zege lina uzito wa kama kilo 2,400 kwa mita ya ujazo. Slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, ya sentimita 15 ni kilo 360 kila mita ya mraba, kwa hiyo chumba cha mita 4 kwa 4 kinabebeshwa karibu tani 6 kabla hujaweka ukuta wa juu, kitanda wala mtu. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nyingine. Msingi niliouziwa ulikuwa wa kubeba mabati.

Tukapasua sakafu, tukachimba mashimo ya nguzo vyumbani, watoto wako kwa bibi yao. Na wajua Lamu: hakuna lori la kukufikia mlangoni. Kifusi kilitoka kwa punda, mchanga, kokoto na simiti vikaingia kwa punda. Pesa ya kubomoa na kurudia msingi ingetosha kuipandisha ghorofa yenyewe na kuipiga plasta. Yule fundi nilipomwita alisema, "Si ulitaka ya chini?" Anayetaka kucheka acheke, lakini mtu aliyeona majirani wanapanda kulia na kushoto alipaswa kunieleza. Bado nina hasira naye, na huyo wako anaongea vile vile.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wazee wetu walilijua hili. Nyumba za mawe za Mkomani, mtaa wa kale wa Lamu, zina kuta nene kama nusu mita, na ndiyo maana binti akiolewa baba aliweza kumwongezea ghorofa juu, au kumvushia chumba juu ya njia kwa wikio, daraja la kuunganisha nyumba mbili. Wenyewe walikaa juu, kwenye upepo. Chini kuliwekwa mali. Walijenga wakijua nyumba itakua.

Kwa hiyo jenga ya chini ukitaka, pesa ikiwa hiyo tu hakuna ubaya, lakini msingi na nguzo viwe vya ghorofa tangu siku ya kwanza. Mchoro utoke kwa injinia, si kichwani mwa fundi. Tenga nafasi ya ngazi sasa. Nondo zitakazobaki zimechomoza juu zifunike kwa zege jepesi, maana hewa ya bahari inazila. Na mchanga wa ufukweni usiukubali hata ukipewa bure, chumvi yake inakula chuma kutoka ndani. Kama kiwanja kiko ndani ya eneo la hifadhi ya mji wa kale, mchoro huo uonwe na watu wa Makumbusho ya Taifa kabla ya jembe jingine kushuka.

Fundi akikasirika, mlipe kazi ya kuchimba aliyokwisha kufanya, na mashimo yabaki wazi mpaka injinia ayapime. Akisema yaongezwe kina, yaongezwe.