Shangazi, farasi wangu bado anapumua na mimi natafuta tanuri

*Shangazi, shikamoo. Nina farasi wa miaka 27, jina lake Shaba. Nilimpata nikiwa na miaka 14. Sasa meno yamekwisha, miguu ya nyuma haimbebi, na daktari wa mifugo ameniambia tusingoje aanguke mwenyewe, tupange siku. Nataka achomwe, nirudishiwe majivu yake. Lakini kila nikishika simu kuulizia, namwona kanikodolea macho juu ya mlango wa banda, nakata. Naona kama namchuria. Mume wangu anasema ni mnyama tu, waje wamchukue yaishe. Halafu kuna punda jike aliyekaa naye miaka tisa, sijui siku hiyo nimfiche wapi. Nianzie wapi? – Mama Shaba*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hilo la uchuro, maana ndilo linalokushika mkono. Shaba hajui simu ni kitu gani. Anachojua ni kwamba umesimama mlangoni na huenda una karoti mfukoni. Ukiendelea kuogopa kumchuria, siku yenyewe itakukuta umepiga magoti nyasini, farasi wa karibu nusu tani amelala mbele yako, na mtu usiyemjua anakuuliza, "Haya mama, tunampeleka wapi?" Hapo utajibu lolote. Mimi nilijibu lolote.

Farasi wangu jike alikufa usiku kwa msokoto wa tumbo. Asubuhi nikapewa namba ya kampuni fulani, nikasema nataka achomwe, nipewe majivu. Wakasema sawa. Wiki mbili baadaye nikaletewa kisanduku nilichokibeba kwa mkono mmoja, na mkono wa pili nikafungua mlango. Nilikiweka pembeni ya picha yake miaka mitatu. Siku moja daktari wetu wa mifugo alikuja kunywa chai, nikamwonyesha. Akakinyanyua, akakirudisha taratibu, akanyamaza. Nilipombana ndipo akanieleza: farasi mzima hutoa majivu ya kujaza ndoo na kubaki, kilo kumi na kitu kwenda juu, kwa sababu kinachoitwa majivu hasa ni mifupa iliyoungua kisha ikasagwa. Changu kilikuwa teko moja tu, kutoka kwenye tanuri lililochoma wanyama kadhaa kwa pamoja. Ukweli ni kwamba hawakunidanganya. Sikuuliza.

Basi wewe uliza. Ukipiga simu, kabla hata ya bei: je, atachomwa peke yake? Wakisema ndiyo, uliza utapewa majivu yote au sehemu, na watamtambuaje tangu anapopakiwa garini hadi anapotoka tanurini. Kumchoma farasi mmoja peke yake huchukua saa nyingi, na gharama yake ni kubwa kuliko kuchoma kwa pamoja, kwa hiyo ukitajiwa bei rahisi ajabu, rudia swali. Uliza pia kama tanuri lao linamwingiza farasi mzima. Mengi yametengenezwa kwa mbwa na paka, na penye tanuri dogo huenda mwili ukakatwa kwanza. Hilo kama huwezi kulisikia, mpe mtu mwingine akuulizie. Na kama gharama ya farasi mzima itakushinda, zipo sehemu zinazokubali kuchoma kichwa na moyo tu, au kwato. Usione aibu kulitaja. Wanaofanya kazi hiyo husikia hayo kila siku.

Najua neno lenyewe "kuchoma" lina ukali, kama vile anaadhibiwa. Lakini fikiria sindano. Dawa inayotumika zaidi kumlaza farasi usingizi wa mwisho ni pentobabitali, na hubaki mwilini baada ya kifo. Mbwa, fisi au tai akila nyama hiyo anaweza kufa naye. Ukimzika badala ya kumchoma, shimo lazima liwe la kina, mbali na kisima na mkondo wa maji, tena kwa ruhusa ya wanaohusika na mifugo pale ulipo. Tanuri linakuondolea hesabu hizo zote.

Sasa mahali. Hili watu hulisahau, na ndilo linaloumiza macho kuliko yote. Usikubali alazwe ndani ya banda. Mwili huanza kukakamaa baada ya saa chache, na kwenye joto tumbo huvimba upesi. Farasi aliyekakamaa humpitishi mlangoni bila kuvunja ama mlango ama moyo wako. Chagueni uwanja mgumu, wazi, ambapo lori linaweza kurudi nyuma hadi alipo. Panga na wenye gari wafike mapema wasubiri kwa mbali, au waje muda mfupi baada ya daktari. Na wakishafika, mwanangu, mpe Shaba mkono wa mwisho, kisha uingie ndani. Humvuta kwa winchi. Hakuna namna ya upole ya kumpandisha mnyama mzito hivyo, na hutaki hiyo iwe picha ya mwisho.

Ya sindano yenyewe unaweza kuyaona ukitaka. Ataanguka, wakati mwingine kwa kishindo, kwa hiyo kamba aishike daktari au saisi aliyezoea, wewe kaa pembeni hadi wakuite. Macho hayatafumba. Huenda akavuta pumzi kubwa moja au mbili, misuli ikatetemeka, na moyo ukawa umeshasimama. Nakwambia sasa ili usije ukadhani ameamka na anaumwa.

Singa, yaani nywele za mkia, zikate kabla ya siku hiyo, akiwa hai na amesimama juani. Zioshe kwanza zikiwa bado mkiani, zikauke, funga fundo kwa uzi, ndipo ukate juu ya fundo. Kata nyingi kuliko unavyodhani utahitaji, maana ukitaka kusukiwa bangili, za kuunga huzipati tena. Kama ana vyuma kwatoni na unavitaka, sema mapema ving'olewe. Visiende naye tanurini.

Huyo punda usimfiche popote. Mwache aje. Mwili ukishatulia na daktari akikubali, mfungulieni amnuse. Wengine husimama nusu saa, wengine hunusa mara moja wakaenda kula majani, na sisi wanadamu tukaona hawana shukrani. Aliyeondolewa mwenzake bila kumwona ndiye anayeweza kuzunguka ua akiita. Punda hasa nawaogopea: wakishikana na mwenzao hushikana kweli, na punda aliyegoma kula siku mbili anaweza kuugua vibaya, damu ikajaa mafuta. Mwangalie chakula chake, na mtafutie mwenzake mwingine mapema.

Makaratasi sitakuchosha nayo. Kama Shaba ana bima, wapigie kabla ya siku. Wengine hawalipi kama hawakuarifiwa, au hutaka mwili uchunguzwe kwanza. Na kama ana kitambulisho cha farasi, kirudishwe kilikotoka.

Majivu yakija yatakuwa mengi na mazito. Usiyamwage yote chini ya mti mmoja. Yana chumvi na magadi ya kuua mizizi. Changanya kidogo kidogo na udongo mwingi, au tawanya eneo kubwa, kule alikopenda kugaagaa. Pia si lazima uamue wiki hiyo. Ndoo haina haraka. Hata hatamu yake iache ilivyo na jasho lake. Mimi niliiosha ile ya farasi wangu siku ya tatu, nikidhani nafanya usafi, na harufu haijarudi hadi leo.

Mume wako simlaumu sana. Anayesema "ni mnyama tu" mara nyingi anamwona mkewe analia na hajui ashike nini. Mpe cha kushika. Mwambie hivi: "Baba, maswali ya tanuri siwezi kuyauliza mimi. Haya hapa nimeyaandika, piga wewe." Kisha mwache na simu, uende bandani na mkasi na uzi.