Maji yanajaa saa kumi

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Je, umewahi kumsamehe rafiki ambaye hakukuomba radhi? Ilikuwaje?" Niliposoma nikajiambia, hili langu. Nikaandika ukurasa mzima wa namna nilivyomsamehe mtu, mimi mpole na yeye jeuri. Kisha nikausoma kwa sauti nikaona haya. Haya ninayowaletea ni maandishi ya pili.

Tulikuwa watano, marafiki tangu skuli, wawili Wakristo na watatu Waislamu. Kila tukipata siku mbili za mapumziko tulikuwa hatuonekani mjini. Fedha za kwenda mbali hatukuwa nazo, na Unguja haina mbali. Tumelala Pete, tukaamshwa na kima punju wakirukaruka juu ya bati. Tumekwenda kwa baskeli hadi Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa, tukatazama wanaume wakichapana kwa migomba ili mwaka mpya usiwakute na kinyongo. (Baadaye nilitamani sana ningekuwa mtu wa Makunduchi. Ningemchapa mtu wangu mgomba mmoja, naye angenichapa wake, tukaenda kula.) Tumevuka hadi Pemba, tukapita msitu wa Ngezi mpaka ufukwe wa Vumawimbi, na kuwaona wale popo wakubwa ambao duniani kote wako Pemba tu, wamening'inia mitini kama nguo nyeusi zilizosahauliwa kambani. Mimi nilikuwa mpiga picha wa kundi. Mwenye kujua maji alikuwa mmoja tuliyemwita Nahodha. Alimiliki nusu ya mashua, nusu nyingine ya ami yake, na riziki yake ilikuwa kupeleka wageni kwenye fungu la mchanga la Kwale.

Sasa siku ya Uzi. Kwa asiyepajua, Uzi ni kisiwa kilicho kusini mwa Unguja Ukuu, na njia tuliyopita sisi ilikuwa ya mawe na kifusi katikati ya mikoko. Maji yakipwa unapita mkavu, yakijaa njia haipo. Siku hiyo ilikuwa mwezi kumi na nne, bamvua tupu, yaani maji makubwa. Mtu wa pwani yetu hahitaji kitabu kwa hili: mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hupwa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi alasiri, na kila siku inayofuata husogea mbele dakika 50 hivi. Bamvua likijaa, maji yamepanda kama mita 4 kutoka pale yalipokuwa asubuhi. Si maji ya kutaniwa.

Tulivuka asubuhi tukicheka, tukatembea mpaka Ng'ambwa, tukapikiwa pweza wa nazi. Nahodha alisema mpaka saa nane tutapita. Tulifika njiani saa nane na nusu. Maji yalikuwa magotini, kisha kiunoni, kisha kifuani, na mawe chini yanateleza kama sabuni. Mimi sijui kuogelea. Nilishikwa bega na mmoja mbele na mwingine nyuma, begi nimelibeba kichwani, na katikati ya mikoko mguu ukanitoka. Mimi waliniwahi. Begi hawakuliwahi. Ndani yake mlikuwa na kamera ya shemeji yangu, ambayo nilikuja kuilipa kwa miezi minane. Tulipofika ng'ambo, tumelowa, midomo inatetemeka, Nahodha akakaa chini kwenye tope akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi. Hakusema pole.

Mimi nilisikia dharau. Leo naamini kilikuwa kicheko cha mtu aliyedhani anakwenda kuzika rafiki zake wanne na sasa anawaona wote wamesimama. Lakini siku hiyo niliondoka kwa daladala peke yangu, na kundi likafia pale.

Mimi ni mtu wa kanisa. Nasali Mkunazini, katika kanisa kuu la Anglikana lililoanza kujengwa 1873, mwaka ule ule soko la watumwa lilipofungwa, juu ya kiwanja cha soko lenyewe. Altare iko pale watumwa walipokuwa wakichapwa. Wageni huingia na kiongozi wao, wakaonyeshwa duara lile sakafuni, na wengi hutuuliza sisi waumini kama tumesamehe. Sitaki kuuingiza utumwa katika habari ya kamera, ingekuwa utovu wa adabu. Nataka tu mjue nilikuwa nimekaa wapi nilipokuwa nikibembeleza kinyongo changu, Jumapili baada ya Jumapili, na jinsi kilivyoonekana kidogo kila nilipoinua macho.

Kikwazo changu kilikuwa hesabu. Katika Biblia yetu Mathayo anaandika, "Utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu." Neno deni lilinifaa sana. Nilikuwa na mdeni, nilikuwa na bei ya kamera, nilikuwa na miezi minane. Na baada ya mwaka hivi nikatangaza kuwa deni nimelifuta. Sikumtakia mabaya tena, nilitaka tu nisimwone. Nilimweleza haya bibi mmoja wa Umoja wa Akina Mama, nikitegemea kusifiwa. Akaniuliza, "Naye anajua kuwa umemsamehe?"

"Hajui, bibi."

"Haya," akasema, akaendelea kupanga maua yake.

Yapo mafundisho ambayo ningeweza kujitetea nayo. Luka anasema ndugu yako akikosa mwonye, akitubu msamehe, na wako Wakristo wazuri wanaoshikilia kwamba pasipo toba hakuna msamaha. Sina ugomvi nao. Ila katika aya hiyo "mwonye" inatangulia "akitubu", na mimi sikumwonya mtu. Nilinyamaza, kisha nikazungumza na kila mtu isipokuwa yeye.

Hapo ndipo penye jambo. Wakati huo nilikuwa mapokezi katika hoteli moja ya kusini. Meneja alikuwa akitafuta mtu wa mashua wa kudumu kwa ajili ya wageni, akaniuliza habari za Nahodha kwa kuwa alisikia tunafahamiana. Nikamjibu kwa kucheka, "Yule? Hajui hata maji yanajaa saa ngapi." Sentensi moja. Nilirudi kwenye daftari langu la wageni, sikuikumbuka tena.

Aliyenikumbusha ni yule Mkristo mwenzangu wa kundi, barazani Kikwajuni, miaka miwili baadaye. Alinihesabia taratibu, bila kupandisha sauti. Kazi ile Nahodha aliikosa. Maneno yangu yalifika kwa ami yake, na ami naye akaanza kumtia shaka. Mwishowe aliuza nusu yake ya mashua kwa bei ya kutupa, akahamia Pemba kwa mama yake. "Halafu," akasema, "kila ukihadithia habari ya Uzi unasahau nani alisema tusubiri pweza aive."

Nilikuwa ni mimi. Nahodha alisimama saa saba na nusu akasema twendeni, nami nikamshika shati nikamwambia, yakhe, kaa, mchuzi ndio kwanza unashika. Yeye naye alikosea, angetuamuru, na muda ule wa saa nane alioutaja ulikuwa wa kubahatisha. Lakini kwa miaka miwili nilikuwa nimeisimulia safari ile bila mchuzi.

Jumapili moja baada ya hapo lilisomwa lile neno la Mathayo 5: "Basi ukileta sadaka yako madhabahuni, na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako." Nimelisikia tangu mtoto. Siku zote nilidhani linasema "ukikumbuka ya kuwa wewe una neno juu ya ndugu yako". Halisemi hivyo. Anayetakiwa kuondoka kanisani ni yule anayedaiwa. Kamera yangu ilikuwa dinari mia za yule mtumwa wa Mathayo 18, na nilikuwa nimemkaba koo mwenzangu kwa ajili yake, huku nikiwa nimemla mtu mashua nzima. Au nusu, tuseme kwa haki.

Na lipo jambo lililoniumiza zaidi, nalo ndilo lililonifanya niufute ukurasa wa kwanza. Nilipokuwa natafuta namba yake kwenye simu nikakuta ujumbe wake, miwili. Wa kwanza ulikuwa wa mwisho wa Shaabani ya mwaka ule wa Uzi, wa pili wa Shaabani iliyofuata. Mnaoishi visiwani mnaijua desturi hii: Ramadhani ikikaribia Waislamu huombana radhi, jirani kwa jirani, mtu na mkewe, ili wasiingie mwezi mtukufu na mizigo. Ujumbe wote miwili ulisema, "Tuwiane radhi. Nilipokukosea unisamehe." Niliuona wakati ule. Nikauhesabu kuwa ni ule unaotumwa kwa watu mia kwa mkupuo mmoja, nikaupita. Kwa hiyo, Mhariri, swali lenu kwangu lina kasoro. Aliomba. Aliomba mara mbili. Ni mimi niliyeona ombi lake halina jina langu juu yake, nikalikataa kama karani anayerudisha fomu isiyo na mhuri.

Nilikwenda Pemba mwezi wa Septemba. Meli ikayumba tulipofika Nungwi kama kawaida yake, nikatapika kama kawaida yangu. Mkoani mpaka Chake Chake karafuu zimeanikwa kwenye mikeka kando ya barabara, gari lote linanukia. Kutoka Chake nikashuka Wesha. Nilimkuta anapaka mafuta injini ya mtu mwingine. Nilikuwa nimetayarisha maneno tangu bandari ya Unguja. Aliniangalia kwa muda, akafuta mikono, akasema, "Leo napeleka vitu Misali. Panda."

Misali ni kisiwa kidogo magharibi ya Pemba, hifadhi tangu 1998, na kasa hutaga huko kwenye fukwe zake. Wavuvi huja kupiga dago, yaani kambi ya uvuvi. Wapemba husimulia kwamba Hadhara, mtu wa Mungu, alifika kwa wavuvi akaomba msala, mkeka wa kusalia, hawakuwa nao, akasema basi kisiwa hiki chenyewe kitakuwa msala wangu. Nahodha alinisimulia hayo njiani akipaza sauti juu ya injini, kana kwamba mimi ni mgeni aliyelipa. Kila nilipofungua kinywa kuanza hotuba yangu alinionyesha kitu: jiwe, ndege, mkondo.

Tulipofika, vijana wa dago walikuwa na moto wa makaa, samaki wawili aina ya changu juu yake, na mkate wa boflo ndani ya mfuko wa plastiki. Nikasema, "Nahodha, nimekuja kukwambia..." Akasema, "Kula kwanza."

Msomaji Mkristo ameshajua nilikumbuka nini. Petro aliota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu, akamkana Bwana wake mara tatu. Baada ya ufufuo anatoka baharini analowa maji, na pwani pana moto wa makaa, samaki na mkate. Biblia yetu inatumia maneno yale yale mara zote mbili, moto wa makaa. Na hapo yeye na wenzake wanaambiwa, "Njoni mfungue kinywa." Maswali matatu yanakuja baadaye, wakiisha kula. Rafiki yangu hajasoma Injili ya Yohana, wala sikumhubiria. Lakini nilikaa mchangani na mfupa wa changu mkononi, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa nini Petro hakupewa nafasi ya kuanza kujieleza akiwa na njaa.

Baada ya kula nilisema yote: mchuzi, meneja, ami, ujumbe. Hakunikatiza. Hakuniambia "yaliyopita si ndwele", na namshukuru, kwa sababu methali hiyo siipendi. Yangu ilikuwa ndwele, na mtu alikuwa amepoteza mashua. Aliniambia, "Mwaka mzima sikutaka kulisikia jina lako. Nilikuandikia na hasira zangu vivyo hivyo." Halafu, "Sasa nimekusikia." Neno "nimekusamehe" hakulitamka siku ile. Nilirudi Unguja bila risiti.

Mnaweza kuuliza kama sasa mambo ni kama zamani. Si kama zamani. Hatuko tena watano, mmoja yuko Muscat, mwingine hataki kusikia habari hizi. Mashua hajapata nyingine. Nilipoacha kazi ya hoteli nilimwandikia meneja yule barua kusahihisha nilichosema, hakujibu. Na harusi zikianza, kila nikimwona mtu na kamera, kitu kinanichoma kidogo bado. Zamani nilidhani "saba mara sabini" ni hesabu ya makosa 490. Kwangu imekuwa kosa lile lile moja, kila likirudi.

Mwaka huu, siku ya mwisho ya Shaabani, nilimtangulia. Nilimwandikia asubuhi, jina lake mwanzoni, "Tuwiane radhi." Jibu lilikuja baada ya adhuhuri: "Maji leo yanajaa saa ngapi?"

Mwezi ulikuwa unaandama. Nikamjibu: saa kumi.