Ukianza kusoma barua za Darwin, tazama mabano kwanza

Barua za Charles Darwin, mwanasayansi Mwingereza wa nadharia ya mageuko ya viumbe, zinazojulikana, alizoandika na alizoandikiwa, ni kama 15,000. Sehemu kubwa iko Maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge, na siku hizi unazisoma mtandaoni bila kulipa senti. Hapo ndipo mgeni anapojikwaa. Unaandika neno moja kwenye kisanduku cha kutafutia, unachuma sentensi tamu, unaondoka. Nami nilianza hivyo hivyo.

Somo langu la kwanza lilikuwa la aibu. Nilinukuu barua ile maarufu kwa rafiki yake mwanajiolojia, Charles Lyell, ambayo Darwin anaeleza kuwa amepokea andiko la mwanasayansi mwenzake, Alfred Russel Wallace, lenye wazo lilelile la uteuzi asilia (jinsi viumbe wanavyobadilika) ambalo Darwin mwenyewe alilifanyia kazi miaka ishirini. Nikaandika "18 Juni 1858". Msimamizi wangu akaniuliza, "Juni umeitoa wapi?" Nikarudi kutazama: Darwin aliandika tarehe 18 tu. Mwezi na mwaka vimo ndani ya mabano ya mraba, maana yake wahariri ndio waliovikadiria. Wapo wanaobishania mpaka leo ni siku gani hasa andiko la Wallace lilifika, na mimi niliyafuta mabano kwa sababu yaliharibu sura ya tanbihi yangu! Yanakili kama yalivyo.

La pili, uliza barua ipi haipo. Ile aliyotuma Wallace pamoja na andiko lake imepotea. Wala si ajabu: Darwin alikuwa akizichomeka barua kwenye vijiti vya chuma, kama mishikaki, na vijiti vikijaa anachoma moto barua za miaka kadhaa ili vipatikane vitupu. Ndiyo maana karibu barua zote alizopokea kabla ya 1862 zimeteketea. Kwa hiyo miaka ya mwanzo unasikiliza simu upande mmoja. Usimtungie maneno yule wa upande wa pili.

Kuhusu mwandiko wake sina mengi: ni mbaya, utauzoea.

Ila nakusihi, ukipata barua moja unayoitaka, soma wiki nzima inayoizunguka, hata zile za homa na watoto. Mimi nilizichukulia kama porojo za nyumbani. Kumbe mwanawe mdogo, Charles Waring, hajatimiza hata miaka miwili, alifariki kwa homa nyekundu tarehe 28 Juni 1858. Kesho yake Darwin anamwandikia rafiki yake mtaalamu wa mimea, Joseph Hooker, anamtumia karatasi alizoombwa kwa haraka, na anasema amevunjika, hawezi kufanya lolote. Tarehe 1 Julai kazi yake na ya Wallace ikasomwa mbele ya Linnean Society, chama cha wanasayansi wa viumbe, London. Darwin hakuwepo. Kwa miezi kadhaa rasimu yangu ilisema alikwepa mabishano.